Mbwa Aliyenusa Loshoro

Nakumbuka asubuhi moja pale Tengeru, mwanangu, niliapa mbele ya rafiki yangu Elineema kwamba sitagusa tena loshoro. Ndiyo, loshoro yetu hii ya mahindi na maziwa mgando, iliyonikuza mpaka nikawa na kifua cha kuziba mlango wa kanisa! Sababu? Vijana wote tuliambiana, na mimi nikaamini kuliko hata aliyezusha, kwamba mbwa wa getini kwenye ile hoteli ya Wazungu alikuwa amefundishwa kunusa loshoro. Ndiyo maana akituona sisi anabweka, na wageni anawatikisia mkia.

Tulitaka kazi ya kubeba mizigo ya watalii. Basi tukala mkate na chai ya rangi wiki nzima, tukajisugua kwa sabuni hadi nikahofia mifupa itaonekana. Tukaenda. Mbwa akabweka mpaka Mlima Meru ukataka kuhama. Papo hapo akaja kijana wa Kizungu wa rika letu, kaptura imechanika, miguu peku, akapita geti lile kama anaingia jikoni kwa mama yake. Hakuulizwa hata jina.

"Ulikula nini jana, wewe?" Elineema akanifokea njiani.

"Mkate!"

"Muongo. Ulilamba sufuria."

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa na ukakasi.

Kijiweni nyuma ya soko kulikuwa na kundi la vijana. "Karibuni, majembe!" wakasema, wakatupisha kwenye benchi. Usidhani walitupata kwa bangi, au kwa sababu hatukulelewa. Walitupata kwa salamu. Tumetoka kubwekewa, wao wakatupa pa kukaa. Baadaye wakatufundisha kupora mikoba ya watalii, wakisema tunalipa kisasi. Kisasi gani? Wengi tuliowapora walikuwa akina mama wa Kikatiti waliotoka sokoni, weusi kama sisi.

Siku Elineema aliponaswa, mimi nilikuwa kitandani na malaria. Si wema ulioniokoa, ni mbu. Umati ulimpiga. Wasamaria wakamkimbiza hospitali ya Nkoaranga, jioni haikumkuta hai.

Nimezeeka sasa, nimesoma shule ya jioni mpaka shule yenyewe ikanichoka, lakini nikisikia mluzi migombani bado nageuka. Elineema alipiga mluzi kwa kuvuta pumzi ndani. Sijamsikia mwingine wa hivyo. Nikipakua loshoro, mkono unabakiza upande wake wa bakuli.

Kwa hiyo, mwanangu, ukizuiwa getini kwa ajili ya rangi yako, kasirika. Una haki. Ila hasira hiyo usiikabidhi kwa kijiwe. Njoo nayo nyumbani, twende wengi, mchana kweupe, tumuulize mwenye geti. Nasi wazee tusipokupisha ukae, tusishangae ukikaa kwao. Mungu akutangulie, akupe rafiki wa kuzeeka naye.

Na usianze kujikagua una kasoro gani. Tulipotoka kumzika Elineema, nilimsimulia Baba Anaeli, mlinzi wa geti lile, habari ya loshoro. Alivua kofia.

"Loshoro? Mbwa yule namlisha loshoro mimi mwenyewe, kila asubuhi. Alifundishwa kuwabwekea watu weusi, basi. Ninyi hamkuwa na harufu yoyote, wanangu."