Samaki Anayenuswa

Nilipochoka na kelele za Kinshasa, nilirudi Uvira, mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, na wazo moja kichwani: kuuza samaki kwa simu. Mteja aangalie picha, achague mikeke anayoitaka, wale samaki wa ziwa letu, na motari amfikishie nyumbani kwa pikipiki yake. Nilitengeneza programu mwenyewe, nikajiona bwana mkubwa.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Mulongwe, jirani wa zamani wa wazazi wangu. Hakugusa picha hata moja. Alinitumia ujumbe wa sauti mrefu ajabu, akanisalimia mimi, mke wangu na watoto, akatuombea, kisha mwishoni kabisa akasema anataka samaki watatu. Nikawafunga vizuri. Kabla motari hajaondoka, mama mwenyewe akatokea mlangoni petu, mtaa wa Songo, jasho likimtiririka.

"Mama, si nilisema tutakuletea?"

"Nilisikia, mwanangu. Lakini minye nitajua namna gani kama samaki iko mubichi? Picha haina harufu."

Akawafungua, akawanusa, akarudisha mmoja, akaomba maji ya kunywa. Kesho yake alikuja na wenzake wawili. Nao walikuwa wameagiza kwa simu, kwa huruma tu, wasinivunje moyo.

Nilikasirika wiki nzima, kisha nikanunua meza na benchi, nikafungua kibanda ambapo kila mtu anajinusia samaki wake. Sasa kibanda changu hujaa kila asubuhi. Mke wangu akiulizwa kazi yangu, hujibu bila kucheka kwamba mimi ni injinia wa samaki.