Bi Shaka Achagua Mfuko wa Uzeeni

Gari moshi lilinishusha katika mji nisioujua hata njia ya kutokea kituoni, na kabla sijavuka barabara mkanda wa begi langu ukakatika. Mchukuzi mmoja akanielekeza hospitalini: nyuma ya kwa dobi kuna chumba cha ushonaji, na humo yumo mama anayeshona chochote wakati wa mapumziko ya mchana. Ila atakuhoji kwanza, akanionya.

Alinihoji kweli. Begi limetoka wapi, ndani mna nini, na kwa nini mtu mzima atembee bila mwenyeji. Wenzake walimwita Bi Shaka. Nusu ya umri wake alikuwa ameshona shuka za wagonjwa chini ya dirisha lilelile. Kwenye uzi hakuwa na ubahili: alilipia wa bei ya juu, lakini aliuvuta mbele ya muuzaji mpaka jamaa aone haya. Ujane ulimkuta na watoto wadogo. Akawasomesha kwa cherehani, bila kumkopa mtu wala kumwamini.

Sasa alikuwa anastaafu. Siku hiyo, kabla ofisi hazijafungwa, alitakiwa aseme akiba yake ya uzeeni ikae wapi. Kulikuwa na mfuko unaofuata soko zima la hisa, unaonunua kidogo cha kila kampuni na kutoza ada ndogo. Kulikuwa na mwingine wa wataalamu wanaochagua hisa wenyewe, na ada yake ilikuwa mara nne ya ile. Wakala wa huo wa pili alikuwa mume wa binti yake.

"Ananiambia rahisi huvunja upishi," alisema huku akitunga uzi. "Na kweli, uzi wa rahisi mimi sinunui. Lakini uzi nauvuta. Hao wataalamu nitawavutia wapi?"

Kumbana mkwe hakuweza. Neno moja kali lingemfikia binti yake kabla ya chakula cha jioni. Akaniomba nimuulize mimi, mpita njia nisiye na ukwe na mtu. Nimezunguka na lugha nyingi kinywani, lakini kuazimwa kinywa chenyewe ilikuwa mara ya kwanza.

Mkwe, aliyekuja kusikia jibu, aliingia na viatu vinavyong'aa, akamwamkia kwa adabu zote, na hata mimi akanipa kikaratasi chenye picha ya wazee wanaocheka. Nikamuuliza kama mfuko wake hulishinda soko. Akasema iko miaka umelishinda vizuri sana. Na mingine? Akaweka tai sawa. Mingine hali ilikuwa ngumu. Bi Shaka aliliinamia begi langu kama asiyesikia, ila cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Na miaka hiyo migumu," nikauliza, "ada mlipunguza?"

"Ada ni ada, ndugu yangu. Wataalamu nao wanakula."

Hakuwa tapeli, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Aliyaamini maneno yake.

Bi Shaka akainua kichwa. "Na wewe, baba, mimi nikiingia unapata chochote?"

Mkwe akatazama viatu vyake. "Kidogo, mama. Na mwezi huu sijapata mteja hata mmoja."

"Afadhali ungeanzia hapo." Akakata uzi. "Sehemu kubwa inakwenda kwenye ule wa soko zima. Kwako naweka fungu dogo."

"Fungu dogo halitazaa, mama."

"Siliweki lizae. Nalihesabu gharama ya ukwe. Na ukifika nyumbani usimwambie mwenzio nimekunyima."

Mkwe alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

Begi langu lilikuwa limeshonwa nusu. Akaniambia nisubiri, ataimalizia kazi yangu akirudi. Akafunga droo ya mikasi kwa ufunguo, akaivuta, akanitazama, akaivuta tena. Kisha akatoka kwenda kutia sahihi, mkwe akimfuata nyuma na mkoba wa mama mkononi, nami nikabaki nimekaa kwenye kiti chake.