Kiti cha Mtu wa Kukaa

Katika kanisa la mtaa wetu, waumini hawakukaa ovyo. Mbele kabisa, chini ya jukwaa, ilipangwa safu ya viti vya sponji vilivyovishwa kitambaa chekundu, na safu hiyo ilikuwa ya watu walioitwa waliojibiwa. Nyuma yao yalifuata mabenchi ya mbao yasiyo na mto wala kiegemeo. Hayo yalikuwa ya watu waliobaki, yaani wale ambao maombi yao, kwa maoni ya kamati, yalikuwa bado njiani. Kuhama kutoka mbao kwenda sponji kulihitaji ushuhuda. Mtu alisimama, akapewa kipaza sauti, akaeleza alichoomba na alichopewa, na Jumapili iliyofuata makalio yake yalipumzika mahali laini.

Sina budi kueleza shuhuda hizo zilikuwa za namna gani, msomaji asije akadhani kwamba ninawaonea watu. Bwana mmoja mwenye duka la vipuri alishuhudia kwamba gari lake jipya lilikuja na rangi ileile aliyoiota. Mama mmoja alishukuru kwa sababu jirani aliyekuwa akimsengenya alihamishwa kikazi. Mwingine alipata friji. Ukiwasikiliza kwa utulivu, ungeamini kwamba Muumba wa mbingu na nchi ameajiriwa na familia chache kama mtu wa kutumwa sokoni, na kwamba kazi ya kuchomozesha jua anaifanya akipata nafasi.

Viti hivyo vyekundu vilitengenezwa na fundi makochi wa mtaa, mtu mrefu na mpole, aliyezoea kubana misumari midogo kati ya midomo afanyapo kazi, na kwa sababu hiyo hakuwa na mazoea ya kusema. Alivitengeneza vyote kwa mikono yake, kisha kila Jumapili akaenda kukaa benchi la nyuma. Mkewe hakuweza kutembea. Homa kali iliyompata baada ya kumzaa binti yao wa pekee ilimwachia uhai ikamchukulia miguu. Binti sasa alikuwa ameolewa mbali, na mama alishinda katika chumba kilicho nyuma ya karakana, nyuma ya pazia, akishona foronya za mito ya makochi kwa cherehani ya mkono. Fundi alikuwa akiiombea miguu hiyo tangu binti akiwa wa kubebwa mgongoni. Aliwaona watu wakiingia kanisani jana, wakiomba friji leo, na kesho wakihamia mbele, naye yuko palepale. Taratibu kitu kama kutu kikaanza kumla moyoni.

Aliyeikoleza kutu hiyo ni dada yake wa tumbo moja, mkubwa wake, mwanamke aliyekwisha kushuhudia nyumba, gari na ajira ya kijana wake, na ambaye kiti chake kilikuwa cha katikati kabisa ya safu ya mbele. Mke wa fundi alimbandika jina la Bi Ushuhuda, na mtaa mzima ukalipokea jina hilo kwa shukrani. Bi Ushuhuda hakumchukia wifi yake. Alimwonea aibu, jambo ambalo ni baya zaidi. Kila alipokuja kumtazama alisimama mlangoni bila kuketi, mkoba ukiwa kwapani kama aliyeogopa kuibiwa na mgonjwa, akauliza kama wifi bado hajaiungama ile dhambi iliyofichika, maana haiwezekani mtu aombewe miaka yote hiyo bure. Wifi yake alimjibu, huku akiendelea kuzungusha gurudumu la cherehani, kwamba dhambi aliyonayo ni moja tu, ya kuwacheka wageni, na kwamba ataiacha wageni wakipungua.

Basi ilikaribia ibada kubwa ya shukrani, ambayo wageni wa makanisa mengine walikuwa wamealikwa, na mwenyekiti wa kamati alikuwa ni yeye Bi Ushuhuda. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe aliingia karakana na kumkuta mdogo wake ameinamia kochi, midomo imejaa misumari. Alimweleza kwamba wageni wakubwa hawawezi kuja wakaondoka hivihivi. Panahitajika mtu wa kuinuliwa, na tangazo limeshatolewa kwamba siku hiyo asiyetembea atasimama. Kwa hiyo fundi atengeneze kiti cha jukwaani, kirefu, chenye springi kali, kinachoinamia mbele kidogo. Wifi akalishwe hapo, wahudumu wawili wenye nguvu wasimame nyuma yake, na neno likitamkwa wamshike makwapani, springi zisukume, naye awe wima kwa muda wa kutosha kupigwa picha.

"Wala si uongo, mdogo wangu," alisema. "Tunamsaidia Mungu kuanza tu. Kumaliza atamaliza mwenyewe."

Fundi alimtazama.

"Na wewe utahamia mbele, ukae karibu yangu. Unafikiri mimi sioni haya, ndugu yangu wa damu kukalia mbao kama mtu anayesubiri kinyozi?"

Fundi akaguna. Bi Ushuhuda alikuwa na kipawa cha kusikia amina katika kila mguno, akaondoka ameridhika. Haki lazima itendeke hapa: misumari hutemwa. Fundi angeweza kuitema mkononi akasema hapana kwa herufi zote, lakini hakuitema, kwa sababu moyoni alikuwa ameshaanza kujiona ameketi juu ya sponji yake mwenyewe.

Alianza kazi. Mkewe, ambaye alitenganishwa na karakana kwa pazia tu na aliyesikia kila neno, hakusema kitu mpaka kiti kilipokuwa kimesimama, springi zimefungwa, bado kitambaa. Ndipo alipoomba aletewe akione. Fundi alikiingiza ndani, akakiweka mbele yake. Mama alikibonyeza kwa kiganja, na kiti kikakirudisha kiganja kwa kishindo.

"Cha nani hiki?"

"Chako."

"Changu? Mbona kinamfukuza mtu?"

Fundi akaeleza kwa maneno ya kukatakata. Alisema kwamba watu wanasubiri, kwamba watu wanasema, kwamba amechoka kuulizwa na vijana waliobatizwa juzi imani yake ina kasoro gani. Mkewe alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Nikuulize, baba," akasema. "Miaka yote hii, ulikuwa unaomba miguu yangu, au ulikuwa unaomba safu ya mbele?"

Safari hii hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni wa kusingizia.

"Mimi nilijibiwa zamani," mama akaendelea. "Niliomba, nikaambiwa hapana. Na hapana ni jibu. Nilinuna, nililia, wewe si uliniona? Lakini aliyenijibu hajahama humu ndani hata siku moja. Hao wenzako wa magari nasikia wanamwita kwa kipaza sauti. Mtu unayekaa naye nyumba moja utamwita kwa kipaza sauti?"

Fundi akacheka bila kupenda.

"Kama unataka kunitengenezea kiti, nitengenezee cha mtu wa kukaa. Mgongo unaniuma."

Neno hilo la mwisho, lililosemwa kama jambo la kawaida, ndilo lililomchoma. Alikuwa amewakalisha kwa raha wenye maduka, wenye friji na wenye majirani waliohamishwa, na mkewe alikuwa amekalia kigoda cha mbao kilichotandikwa kanga iliyokunjwa, akishona mito ya kwenda chini ya watu wengine.

Alikata miguu ya kiti kile. Aling'oa springi zote, akatandaza mikanda ya mpira, akaweka sponji ngumu chini na laini juu, akalalisha kikalio kielekee nyuma, akampima mkewe mgongo kwa kamba ili kiegemeo kifuate pale anapoumia. Kitambaa alichokuwa nacho ni mabaki ya kile chekundu cha safu ya mbele, akakivisha hicho. Mama alipoketishwa humo kwa mara ya kwanza alizama mpaka kiunoni, akafumba macho, akasema kwamba waliojibiwa kumbe hawakuwa wajinga kabisa.

Jumamosi, kabla ya ibada, wahudumu wawili walifika na gari la mizigo kuchukua kiti. Fundi aliwaambia wazi kwamba mkewe haendi jukwaani, na kwamba kiti hiki si kile kilichoagizwa. Walijibu kwamba wao wametumwa kiti, maneno hawakutumwa. Alimpigia dada yake simu, akakatwa katikati ya sentensi na kuambiwa asilete shetani wa hofu. Mama akasema, "Waache wakibebe. Hicho kitarudi, hakina ushuhuda."

Asubuhi ya Jumapili Bi Ushuhuda alikuja mwenyewe kwa gari, amevaa gauni la kubana na viatu virefu, akakuta wifi yake yuko kitandani, ameegemea ukuta, Biblia mapajani.

"Wifi, hata hujavaa?"

"Leo nasali nyumbani, wifi."

"Watu wote wale? Unataka kuniaibisha mimi, au unataka kumwaibisha Mungu?"

"Mungu hajaniambia ana aibu."

"Ndiyo maana huponi."

"Nenda, wifi," mama akasema kwa upole. "Utachelewa kujibiwa."

Kanisa lilifurika. Jukwaani, peke yake, kilikaa kiti chekundu, kipya, kinang'aa, na kila jicho lilikuwa limekielekea. Bi Ushuhuda hakuweza kustahimili kuona kiti kizuri kama hicho kikiwa kitupu, tena mbele ya wageni. Alimnong'oneza mchungaji kwamba ushuhuda wa siku hiyo atautoa yeye, akapanda ngazi za jukwaa kwa miguu yake mwenyewe, akaketi.

Kiti kikampokea. Alizama polepole, kama mtu anayeingizwa ndani ya unga, mpaka magoti yakawa juu kuliko kifua, na viatu virefu vikaelea. Mchungaji aliyefika kwa ugeni, ambaye muda wote huo alikuwa amefumba macho akiomba, na hakujua lolote zaidi ya tangazo, alinyoosha mkono na kusema kwa sauti nzito, "Simama, mama."

Hakusimama. Alijaribu. Gauni halikuruhusu, kikalio kilikuwa kimelala nyuma, na kila alipojisukuma sponji ilimkaribisha zaidi. Jasho likaanza kumtoka. Mgeni akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo wahudumu wawili, waliokuwa wamefanya mazoezi wiki nzima ya kumwinua mtu kutoka kitini, walipokumbuka wajibu wao. Wakamshika makwapani, wakamvuta, na Bi Ushuhuda akatoka mle ndani akiwa wima, anatetemeka, kiatu kimoja kimebaki chini.

Kanisa likalipuka. Kwaya ikaanza bila kuambiwa. Mgeni alitoa leso akafuta machozi. Safu ya mbele, ambayo muda mfupi tu uliopita ilimwona mwanamke huyo akipanda ngazi kama askari, ilipiga makofi kuliko wote, na yule bwana wa vipuri alipiga magoti. Bi Ushuhuda alipewa kipaza sauti. Alifungua kinywa, akautazama umati, akaona haifai kuwakatisha watu furaha. "Ni Yeye tu," akasema, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Fundi aliyaona yote hayo kutoka benchi la nyuma. Kwanza alitazama mishono ya kiti chake, akaona imeshikilia vizuri licha ya vurugu. Kisha akaitazama safu ya mbele, ile aliyoililia miaka mingi bila kujua kwamba ndiyo aliyokuwa akiililia. Hakuona tena waliojibiwa. Aliona viti vyake mwenyewe, na kimoja, cha tatu kutoka upande wa dirisha, kilikuwa kimefumuka pembeni na kilihitaji kushonwa.

Ibada ilipokwisha alipanda jukwaani kukichukua kiti. Wanakamati walimzunguka wakasema haiwezekani, hicho sasa ni kiti cha muujiza, kitabaki palepale kiwekewe kamba, naye kwa kazi hiyo njema ameshatengewa nafasi karibu na dada yake.

"Kina mwenyewe," fundi akasema. "Na mimi benchi linanitosha."

Akakibeba kichwani, akakivusha mtaa mzima mchana ule wa jua kali, watu wakimpisha.

Mkewe alikuwa ameshasikia vifijo kwa mbali. Alipoketishwa kitini aliuliza kama kuna mtu aliyesimama. Fundi akasema yupo. Nani? Dada. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akajifuta macho na kumwambia mumewe amwombee dada yake, maana kupona ugonjwa usiokuwa nao ni mzigo, utatakiwa kuubeba kila Jumapili.

Wakasali, kama walivyozoea baada ya ibada. Fundi alishukuru kwa kazi, kwa binti, kwa mgongo wa mkewe ambao sasa una pa kuegemea, akaishia hapo. Mama alingoja.

"Leo miguu umeisahau?"

"Sijaisahau," fundi akasema. "Anaijua."

"Amina," akasema mkewe. "Haya, nisogezee cherehani."