Mguu Mmoja, Sekunde Kumi

Mpiga picha haiamini stendi ya kamera yake hata kidogo. Ni ya mguu mmoja, na chini ina vidole vitatu vya kuifanya isimame yenyewe, lakini yeye huvikandamiza kimoja kimoja kwa ncha ya kiatu, kisha huiachia taratibu na kuacha mkono hapo karibu, kama mtu anayemchunga mtoto anayesimama dede. Harusi zote za watu amezipiga picha hivyo. Leo bibi harusi ni binti yake, na kamera hiyo haishikwi na mtu mwingine. Akaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akaenda kusimama nyuma ya binti, kati ya jamaa waliojipanga, roho juu. Upepo ukabamiza mlango, stendi ikayumba. Binti akahisi vidole vya baba vikimbana begani.

"Itaanguka," baba akanong'ona.

"Usiende, baba. Picha ya mimi na wewe sina hata moja."

Stendi ikainama, ikasita, ikarudi. Kamera ikalia. Kwenye picha ile wote wanatazama mbele wakicheka. Baba peke yake anatazama chini, kwenye vile vidole vitatu vya stendi, na gauni la binti limekunjamana begani, pale baba alipolishikilia ili asitoke mbio kwenda kuidaka.