Nilimwambia mzee wa Wamaza "utapita radio", akanielewa vingine (Kasongo, enzi za Mbelgiji)

Wakuu, hamjambo. Haya ni ya kweli tupu. Ningekuwa mtunzi, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Kazi yangu, kabla sijastaafu, ilikuwa fizikia ya tiba: nilipima mionzi ili imtibu mgonjwa bila kumuunguza. Chuo kikuu nilifika baadaye. Nilianzia Kasongo, Mbelgiji bado anatawala, nikiwa msaidizi wa chumba cha eksirei.

Sasa, Kongo eksirei tunaiita radio. Na radio ya kusikiliza ni radio hiyo hiyo. Balaa langu lilianzia hapo.

Alikuja mzee kutoka kijiji cha Wamaza na mkewe, anakohoa damu. Nikamwambia kwa madaha: "Baba, kesho utapita ku radio."

Kesho yake kaja na kanzu safi, kanyoa. Nikamsimamisha mbele ya mashine. "Vuta pumuzi. Usiseme."

Akasema! Kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Mimi mtoto wa mjini, sikuambulia neno. Picha ikatoka ukungu mtupu.

"Mama, baba anasema nini?"

"Anaita mutoto wetu. Alienda ku migodi ya Katanga, hatujue kama iko muzima. Si ulisema atapita ku radio?"

Wakuu, nilicheka. Na sikumsahihisha.

Picha ya pili alinyamaza. Kifua kikuu. Daktari akataka alazwe miezi, achomwe sindano. Mzee akagoma: "Shamba langu nani atalima?"

Nikajiona mjanja. "Bakia, baba. Mutoto akijibu, jibu litafika hapa hapa."

Akabakia. Kila asubuhi yuko dirishani: "Amejibu?"

Siku moja nikachoka. "Ndiyo. Iko muzima. Anawasalimia."

Mama akapiga vigelegele hadi wagonjwa wakatoka nje. Mzee akasogea karibu nami.

"Amejibu na luga gani?"

"Kiswahili, baba."

"Mimi nilimusemesha Kibangubangu. Yeye anijibu Kiswahili? Nimekuwa mugeni wake?"

Mama alikuwa bado kainua mikono. Akaishusha polepole.

Nilidhani wataondoka. Hawakuondoka, alimaliza sindano zake zote. Ila kila mgonjwa mpya aliyeogopa mashine, mzee alimtuliza mbele yangu: "Ndugu yangu, usiogope ile radio. Ile haisemake uongo. Ogopa huyu kijana."

Foleni nzima inacheka. Mimi nachunguza viatu vyangu.

Funzo: mgonjwa ukimwambia neno, muulize amesikia nini. Akiwa amesikia vingine, mrekebishe hapo hapo, kabla kicheko chako hakijazaa uongo.

Mtaniuliza kama mtoto alipatikana. Sijui. Ningemuuliza mzee kwa mdomo upi?

Mliowahi kumpa mtu tumaini la bandia ili afuate tiba, mliondokaje hapo? Andikeni. Wa kunicheka nao wana nafasi yao.