Mama Alivyotupa Mtihani wa Ugonjwa Wake

Mama yangu alitupa mtihani kuhusu ugonjwa uliokuwa unamuua.

Sitanii. Tulikaa mezani, watu wazima na akili zetu, yeye amesimama mbele yetu na kitambaa kichwani na chaki mkononi. Sufuria imefunikwa. Hakuna kugusa chakula kabla ya maswali.

Wanaoijua familia yetu hawatashangaa. Mama alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwetu swali lilitangulia sahani. Ukikosa unakula, lakini Jumamosi unarudia. Marudio ya mama hayakuwa na mjadala.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu. Kaka yangu ni fundi bomba, mtu wa miraba minne, mbishi balaa. Tuko wawili tu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mama alipoanza kukonda na kulalamikia tumbo, daktari alituita mimi na kaka pembeni. Alisema maneno mengi. Sisi tulishika moja tu: saratani.

Kaka akanivuta mpaka kwenye korido. "Mama asijue."

"Asijue vipi? Mwili si wake?"

"Nimesema asijue! Presha itamuondoa kabla ya huo ugonjwa."

Basi tukamwambia mama ana vidonda vya tumbo. Biopsi tukaiita kipimo cha kawaida. Tibakemikali tukaiita dripu ya kuongeza nguvu. Nywele zilipoanza kudondoka nikamwambia ni mafuta mabaya. Mimi, msusi mzima!

Akaniangalia tu. "Haya, ninyoe."

Nilimnyoa nikiwa nimesimama nyuma yake, asione ninavyolia.

Tulichosahau ni kwamba mama hajawahi kulala na neno asilolijua. Na muuguzi wa chumba cha dripu aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Sisi tukiwa nje tunachezea simu, mle ndani mwanafunzi alikuwa anamfundisha mwalimu.

Ndiyo tukajikuta mezani.

"Kila uvimbe ni saratani?" akaniuliza mimi.

Nikamwangalia kaka. Kaka anaangalia sufuria.

"Hapana, mama. Kuna uvimbe unaokaa pale pale, hausambai. Huo si saratani."

"Biopsi?"

"Wanachukua kipande kidogo cha uvimbe, wanakipima kwa hadubini wajue ni kitu gani."

"Ahaa. Kumbe si kipimo cha kawaida."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini nilijibu yote, maana nami nilikuwa nasoma kimyakimya kwenye simu, mteja mmoja akitoka kabla mwingine hajaingia. Hatua, ya kwanza mpaka ya nne, zinaonyesha ugonjwa umekua kiasi gani na umefika wapi. Kusambaa ni pale chembe za saratani zinapotoka zilipoanzia na kwenda kuota kwingine. Ya mama ilianzia utumbo mpana ikafika kwenye ini, na hata huko bado ni saratani ya utumbo. Tibakemikali ni dawa inayoua chembe zinazokua haraka. Nywele nazo hukua haraka, kwa hiyo zinaondoka pamoja.

"Basi mafuta tumeyasingizia bure," mama alisema.

"Nisamehe, mama."

"Kula."

Akamgeukia kaka. "Tiba shufaa ni nini?"

Kaka alisukuma kiti. "Ni kukata tamaa! Madaktari wakishamchoka mtu wanamrudisha nyumbani akafie huko."

"Kosa." Sauti ileile ya darasani. "Sifuri. Utarudia."

"Mama, huu si mchezo!"

"Kwani nani anacheza hapa?"

Akakaa, miguu ilikuwa imemchoka. Akatueleza taratibu. Dripu haifui dafu tena, uvimbe unaongezeka. Daktari alimwambia yeye mwenyewe, kwa sababu alimuuliza yeye mwenyewe. Hataki nyingine. Anataka kukaa chumbani kwake, karibu na dirisha lake, apate dawa ya maumivu kwa wakati, na asikokotwe tena kwenye korido za hospitali.

"Siku nikishindwa kusema, mtu mmoja anisemee. Na aelewe anachokisema." Akaninyooshea chaki. "Wewe."

Kaka alitoka akabamiza mlango. Chakula chake kilipoa hivyohivyo.

Kesho yake alinipigia simu saluni. "Umekubali aache dripu. Mama akifa, ni wewe umemuua."

Akakata. Nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nimefika nusu. Nikaendelea kusuka huku machozi yananidondoka, mteja wa watu akawa ananibembeleza mimi. Nilimchukia kaka yangu, siwafichi.

Lakini alikuwa anakuja. Kila Jumamosi, na mkoba wake wa vifaa, ananipita sebuleni bila salamu. "Bomba la bafu la mama linavuja," basi. Anaingia chumbani kwa mama, bafu liko humohumo, anafunga mlango, anakaa humo weee. Akitoka macho mekundu, na bomba bado linadondoka.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. "Fundi gani wewe? Mabomba ya watu unayaweza, la mamako linakushinda?"

"Lina kutu," akajibu, akaondoka zake.

Nikaguna. Kutu!

Ikafika siku niliyokuwa naiogopa. Mama alikuwa amelala tangu asubuhi, hasemi, pumzi inapanda na kushuka kwa shida. Kaka yuko bafuni na bomba lake. Mchana mama mdogo, mdogo wake mama, akaingia kama moto, gari amelipaki nje na mlango wazi.

"Mnamkodolea macho tu? Mvalisheni! Akawekewe dripu, mtu haachwi afe hivihivi!"

Mimi ndiye niliyechaguliwa. Mimi ndiye niliyejibu yote. Nikafungua mdomo, halikutoka hata neno moja. Nililia tu, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Kaka akatoka bafuni, spana mkononi. Nikajua nimekwisha. Wako wawili, mimi peke yangu, na mama anapelekwa asikotaka.

Akaenda kusimama kati ya kitanda na mama mdogo.

"Haendi, mama mdogo."

"We! Tangu lini fundi bomba akawa daktari?"

"Mimi si daktari. Mimi nilifeli, nikarudia."

Akaweka spana chini. Akapiga magoti, akamshika mama mkono, akaanza kusema huku anamwangalia yeye.

"Tiba shufaa ni kumtibu mtu hata kama ugonjwa wenyewe hauponi. Tunatibu maumivu yake, pumzi yake, hofu yake. Na hofu zetu sisi. Hatujamwacha. Dawa iko hapa, muuguzi anakuja hapa hapa, watoto wake tuko hapa. Amechagua mwenyewe akiwa na akili zake timamu." Akainama karibu na sikio lake. "Mama, nimepata?"

Mama hakufumbua macho. Kidole chake kikasogea taratibu kwenye kiganja cha kaka, kikachora alama ya vema, ileile aliyokuwa akituwekea kwa kalamu nyekundu.

Mama mdogo akavua viatu. Akakaa kitandani, akaanza kumkanda mama miguu.

Mama alituacha wiki ileile, asubuhi, dirisha likiwa wazi, bila kugumia kwa maumivu. Sote tulikuwepo.

Baada ya mazishi nilimfuata kaka, kasimama peke yake bafuni kwa mama.

"Jumamosi zote zile ulikuwa unafanya nini humu?"

"Marudio," alisema. "Alinifelisha mara nyingi sana."

"Na bomba?"

Akatoa kimpira kidogo cha bomba mfukoni mwa shati. Alikuwa nacho tangu siku ya kwanza. "Ningelitengeneza, ningekuja kwa kisingizio gani? Na nilishakutukana."

Akakibadilisha dakika hiyohiyo. Bafu likawa kimya, na ule ukimya ndio ulionimaliza kabisa. Tulikaa sakafuni tukalia wote wawili, yeye na miraba yake minne.

Wewe unayesoma, kama una mgonjwa ndani, msifichane maneno. Muulizeni daktari kila neno msiloelewa, na mgonjwa awepo akisikia, kama mwenyewe anataka. Sisi tulidhani tunamkinga mama na neno saratani, kumbe tulimwacha nalo peke yake.

Na kama mara ya kwanza ulimjibu vibaya, bado hujachelewa. Nenda Jumamosi ukarudie.