Siku Kifuniko cha Soda Kilikataa Kuanguka

Enzi zetu, kama ulilelewa nyuma ya soko la Kibuye pale Kisumu, hakuna mzazi alihangaika kukununulia kitu cha kuchezea. Mafundi wa jua kali walikuwa wanatupa, sisi tunaokota. Watoto wa fundi wa bodi za magari walicheza na vipande vya mabati wakarudi nyumbani vidole vinatoka damu. Mimi baba yangu alikuwa fundi wa redio za gari, kwa hivyo nilicheza na spika zilizokufa. Unang'oa sumaku, unaifunga kamba, unaivuta kwa mchanga mpaka inaota ndevu za chuma. Waya za shaba tulisuka bangili. Na kama spika haijakufa kabisa, unachukua betri ya tochi, unaigusisha na zile waya mbili, na karatasi ya spika inaruka nje, pwap. Ukigeuza betri, inarukia ndani. Hiyo mchezo nilifanya mpaka nikachoka nayo, na hakuna mtu alinifundisha. Siku hizi mtoto akitaka kujua kitu anauliza simu. Sisi tulikuwa tunapigwa shoti ndio tunajua.

Baba alifanyia kazi chini ya mabati matatu, kati ya mtu wa kuchoma geti na kibanda cha Mama Ciku. Mama Ciku alitoka upande wa Nyeri kitambo, akauza chai na chapati hapo mpaka akawa anaongea Dholuo, ile Dholuo yake ya kuchekesha, lakini jaribu kumdanganya uone. Ukifika hapo asubuhi unaskia harufu ya risasi ya kuunganisha waya, mafuta ya chapati, na moshi wa obambla, samaki wa kukaushwa, kutoka kwa akina mama wa samaki. Hata leo nikiskia hizo harufu tatu pamoja, naanza kutembea haraka kama nimechelewa shule.

Kama ulikuwa na akili wakati huo utakumbuka magari yalikuwa yanatoka Japani na redio yake ya kampuni. Redio nzuri, safi, taa ya bluu. Lakini ilikuwa inafika FM tisini inakwama, na stesheni zetu karibu zote ziko juu ya tisini. Mtu ananunua gari, anakaa ndani na familia yake, anawasha, anaskia shhh. Kesho yake ako kwa Baba. "Fundi, ng'oa hii kitu ya Wajapani, uniwekee redio ya watu." Baba anang'oa, anaweka redio mpya, anaweka zile spika kubwa za umbo la yai kule nyuma chini ya kioo, na amplifaya chini ya kiti.

Halafu kulikuwa na mtihani. Hakuna gari ilitoka pale bila mtihani. Mwenye gari anakuja na wimbo wake, ule anaujua mpaka kikohozi cha mwimbaji. Kifuniko cha soda kinawekwa juu ya buti. Wimbo unawashwa, na jua kali yote inaacha nyundo inakuja kuwa majaji, hata mtu hana baiskeli. Besi ikishika, kifuniko kinaanza kutembea, kinatembea, kinaanguka. Kikianguka, kazi imepita. Kisipoanguka, hiyo habari inafika Kondele kabla fundi hajafunga sanduku. Cha Baba kilikuwa kinaanguka. Miaka yote.

Sasa niseme kitu sikuwahi kusema. Mwaka wa hii siku nawaambia, masikio ya Baba yalikuwa yanaisha.

Nyumbani Mama alidhani ni madharau. "Baba Akinyi, mimi naongea na ukuta?" Na Baba anaendelea kula. Mama anakasirika, anabeba sahani na nguvu. Mimi nilijua kwa sababu siku moja niliangusha karai nzima ya spana nyuma yake, na hakugeuka. Nikasogea. Nikapiga makofi karibu na kisogo chake. Hakuna. Nilisimama pale mikono hewani kama mjinga. Sikuambia Mama, sikuambia mtu yeyote. Fundi wa muziki ambaye haskii, ni nani atamletea gari? Tulikuwa watu sita tunakula kutoka kwa hiyo meza yake. Na zaidi ya chakula, alikuwa Baba. Mtu angemcheka mbele yangu, ningemuuma.

Basi Jumamosi moja akaja Onyango wa mchele. Huyu alikuwa na duka la mchele wa Ahero, na gari ya saluni nyeupe ametoa Mombasa juzi tu. Siku hiyo saa nane alikuwa anaenda Katito kupeleka mahari. Na nyinyi mnajua kwetu, mgeni wa mahari anafaa kuskika kabla hajaonekana. Mwanaume mwingine aliyeoa hiyo boma alikuwa amefika kule na gari inatetemesha mabati ya watu. Onyango hangekubali kuingia hiyo boma akiwa kimya kama mtu wa kukusanya mchango.

Baba alifanya ile kazi kutoka asubuhi. Mimi niliketi kwa ndoo nikimenya karanga, nikimwangalia. Zamani, kabla hajamwita mtu, alikuwa anainama ndani ya gari anaskiza, kichwa kimelala kama kuku ameona mwewe. Siku hiyo aliinama hivyo hivyo. Lakini uso wake haukubadilika, na mimi nikasahau karanga mkononi.

Kifuniko kikawekwa. Onyango akaweka wimbo wake wa benga. Watu wakakusanyika.

Gitaa ilitoka safi, unaeza kuhesabu kila uzi. Sauti ya mwimbaji safi. Lakini chini, pale besi inafaa kuwa, hakukuwa na kitu. Ilikuwa muziki bila miguu. Kifuniko kikakaa pale kwa buti kimetulia kama kimelipa kodi ya nyumba.

"Ngoja kidogo," mtu wa geti akasema.

Tukangoja. Mwimbaji akamaliza mstari wa kwanza, akamaliza wa pili.

Onyango akatoka kwa gari polepole. "Fundi, hii ni nini umeniwekea? Hii ni redio ya kuskizia ibada ya wagonjwa."

Baba alikuwa amesimama jua linampiga machoni, hakuwa anaona mdomo wa Onyango vizuri, na siku hizo midomo ya watu ndio alikuwa anasoma. Akatabasamu. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Asante, Bwana," akasema. "Asante sana."

Watu wakacheka. Si ile ya ubaya sana, walidhani ni utani wake. Lakini Onyango hakucheka. "Mzee, unanicheza? Nakwambia spika zako ni feki, wewe unasema asante? Toa vitu zako zote saa hii, rudisha redio yangu ya kampuni, nipeleke kwa fundi anaskia muziki."

Anaskia. Hiyo neno iliniingia kama msumari. Nikaona mtu mmoja anamwangalia Baba kwa makini, halafu mwingine. Baba bado ana ile tabasamu, lakini macho yanaruka kutoka uso mmoja hadi mwingine, yanatafuta nini kimesemwa.

Nilirusha karanga chini. "Wewe Onyango, usiongeleshe Baba hivyo."

"Nyathini, wewe mtoto, toka hapa."

"Sitoki. Ni mimi niliunga spika za nyuma. Baba alienda kununua skrubu, nikaingia kwa buti nikaunga. Yeye hajui."

Ilikuwa uwongo mtupu, na wa haraka, sijui ulitoka wapi. Mama Ciku alikuwa mlangoni na mwiko. Yeye alikuwa ameniona kwa ndoo asubuhi yote. Nikamwangalia, nikajua nimeisha. Akasema, "Ni ukweli. Nilimwona. Hako katoto kanagusa kila kitu."

Nikaingia kwa gari. Pale kwa redio kuna mahali pa kusukuma sauti upande mmoja. Nikasukuma kushoto, besi ikatoka. Nikasukuma kulia, besi ikatoka. Nikarudisha katikati, ikapotea. Hapo ndio akili ikanipiga. Spika zilikuwa nzima zote mbili. Ni kama watu wawili wanasukuma gari imekwama, mmoja ako nyuma na mwingine ako mbele. Wote wana nguvu, na gari haiendi. Spika moja ilikuwa inaruka nje wakati mwenzake anarukia ndani. Baba alikuwa amegeuza waya mbili za spika moja, kosa la kila fundi, lakini fundi mwingine angeliskia hapo hapo.

"Zima," nikamwambia Onyango. Akazima, sijui kwa nini alinitii.

Nikanyakua tochi ya Mama Ciku, nikatoa betri, nikaingia kwa buti mpaka kiuno. Mle ndani kulikuwa kama oveni. Nikafungua tepu na meno. Nikagusisha betri. Spika ya kwanza: nje. Spika ya pili: ndani. Nikageuza waya za hiyo ya pili, nikazisokota na vidole. Na hapo ndipo nikaskia mguu wangu umeshikwa.

Kumbuka Baba hakuwa ameskia chochote. Yeye aliona tu mtoto wake amemtukana mteja, ameingia kwa gari ya watu, anakata waya. Alinitoa kwa buti kama samaki kwa wavu, na akanipiga kofi ambalo hata mtu wa geti alifunga macho. Mbele ya watu wote. Sikulia. Nilikuwa na tepu kwa meno.

"Mzee, wacha mtoto," Onyango akasema. Akafunga buti, akarudisha kifuniko, akawasha.

Besi ilikuja kutoka chini ya ardhi. Vikombe vya Mama Ciku vikaanza kuongea. Kifuniko kikashtuka, kikazunguka mara moja, kikatembea moja kwa moja mpaka ukingoni na kikaanguka kwa mchanga. Watu wakapiga mbinja. Onyango akasema, "Kumbe ni mtoto aliharibu, na ni mtoto ametengeneza. Fundi, usimpige tena, atakurithi." Akaingia kwa gari, akaenda Katito kuskika.

Baba hakuwa anaangalia gari. Aliangalia kifuniko pale chini, halafu betri kwa mkono wangu, halafu shavu langu. Akakaa kwa ndoo yangu, polepole, kama mtu ameambiwa habari ya msiba.

Hakuniomba msamaha. Wazazi wetu hawakuwa na hiyo lugha. Alienda akarudi na mkia wa samaki mbuta wa kukaanga, akauweka mbele yangu na chumvi pembeni, na hakuchukua hata kipande. Nilipomaliza akasema, "Akinyi, ulijua lini?"

Nikamgeukia vizuri aone mdomo wangu. "Wakati wa spana."

Akaitikia kwa kichwa. "Mama yako?"

"Hajui."

"Kuanzia Jumamosi ijayo usikae nyuma yangu. Simama pale kwa mtu wa geti, mahali nakuona."

Ndivyo tulifanya kazi miaka minne. Anainama ndani ya gari na kichwa kimelala, na macho yake yako kwangu. Nikikuna shingo, kuna kitu mbaya. Nikitulia, anaita mteja. Tulikosana sana, nilikuwa na mdomo na yeye alikuwa na mkono, lakini kifuniko hakikukataa tena. Alifunga sanduku lake la spana mwenyewe, siku aliyochagua, na mafundi wakamnunulia kofia. Saa hii ako nyumbani Kombewa, anafuga kuku, haskii jogoo.

Mimi niko pale pale chini ya mabati. Vijana wananiletea magari yenye skrini kubwa kama ya sebule. Hawaskizi. Wanashika simu juu ya spika, simu inachora milima, wanasema, "Madam, hapa iko sawa." Sawa na nani? Nikiwaambia wafunge macho waskize, wanacheka kama nimewaambia waombe mvua.

Lakini hiyo si kitu. Kitu kinaniuma ni ile siku ingekuwa leo. Kabla Baba amalize kusema asante, simu ishirini zingekuwa juu. Mzee anatukanwa anasema asante, hiyo ingezunguka Kisumu mpaka Sondu kabla ya saa kumi, na mtoto wa mtu asiyemjua Baba angeicheka akiwa kwa choo. Zamani watu waliona, wakacheka, wakarudi kwa nyundo. Aibu ya mtu ililala pale pale kwa mchanga, na Jumatatu akina mama wakaifagia pamoja na maganda ya karanga.